Kutazama ndege wa bahari kuu kwa boti Madeira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa ndugu na marafiki wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiishi Ulaya, ambao wamekwenda Madeira au wanajiandaa kwenda. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Kama unajiandaa kwa safari yako ya kwanza, soma kwanza swali la upepo. Hilo ndilo wengi hulielewa kinyume.

## Ya kuanzia

Madeira iko wapi, na kwa nini ndege wa bahari waitafute?

Ni kisiwa cha Ureno katika bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 1,000 kusini magharibi mwa Lisbon. Ramani inakionyesha kiko karibu na Afrika kuliko Ulaya. Ni kilele cha mlima wa volkano uliosimama juu ya sakafu ya bahari, na kwa hiyo maji yake hayana ufuo mrefu wa kina kifupi kama wetu. Ukitoka bandarini, baada ya maili chache tu uko juu ya maji yenye kina cha zaidi ya mita elfu moja. Ndege ambao kwingine ungewafuata siku nzima, hapa unawafikia baada ya saa moja.

Jambo la pili ni visiwa vidogo vinavyokizunguka. Kusini mashariki vipo Desertas vitatu: Ilhéu Chão, Deserta Grande na Bugio. Mbali zaidi kusini, karibu kilomita 280, vipo Selvagens. Havina miji wala barabara, ila walinzi wa hifadhi wachache, na ndege huzaliana humo kwa makumi ya maelfu.

Kwa nini lazima boti? Nikisimama ufukweni tu nitakosa nini?

Ndege hawa hawaishi pwani. Shakwe na buabua utawaona bandarini ukinywa kahawa. Lakini ndege wa bahari kuu huja nchi kavu kwa sababu moja tu, kuzaa, na wengi wao huingia na kutoka usiku wa giza ili wasidakwe. Mchana wako kazini, mbali. Mtu anaweza kukaa Funchal, mji mkuu wa Madeira, mwezi mzima, akasikia sauti zao usiku juu ya paa, asione hata mmoja.

Ukiwa juu ya mwamba kama kule Porto Moniz, kaskazini magharibi mwa kisiwa, utaona mamia wakipita siku ya upepo. Ni jambo zuri na ni bure. Ila watakuwa nukta zinazopanda na kushuka. Kwenye boti ndege huyo huyo anapita mita tano kutoka usoni pako, unamwona jicho.

Ni ndege gani hasa?

Wengi ni wa ukoo mmoja: wana vijibomba viwili vya pua juu ya mdomo. Wanakunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi hutolewa na tezi iliyo juu ya jicho, ikadondoka kupitia puani. Nimewahi kumwona cagarra, mmoja wa ukoo huo, ametua kando ya boti, na kila baada ya muda tone moja linaning'inia kwenye ncha ya mdomo wake wa manjano, linaanguka, lingine linaanza. Tangu siku hiyo sijawahi kumpita kama ndege wa kawaida.

Hao utakaowasikia wakitajwa ni hawa. Cagarra ni mkubwa, mabawa yake yakitanuliwa hupita mita moja, na utawaona wengi sana. Alma-negra, jina lenye maana ya roho nyeusi, ni mweusi wote na ana mkia mrefu. Roque-de-castro ni mdogo, mweusi, ana mkanda mweupe juu ya mkia. Calcamar ndiye yule mwenye miguu mirefu anayerukaruka juu ya maji kana kwamba anayakanyaga, na ndiyo maana ya jina lake. Kisha wako ndugu wawili wa kijivu, freira na yule wa Bugio, ambao nimewatengea swali lao huko chini.

Kwa nini mnatumia majina ya Kireno?

Kwa sababu ndiyo yanayotumiwa na manahodha. Nahodha akipiga kelele "alma-negra, saa tatu!" una sekunde nne za kugeuka, huna muda wa kutafsiri. Saa tatu hapo si wakati, ni upande: omo, yaani mbele ya boti, ndiyo kumi na mbili, kulia kabisa ni tatu, tezi, yaani nyuma, ni sita. Tahadhari kwetu sisi: ni saa kwa kuusoma uso wa saa ya mkononi, si kwa hesabu ya Kiswahili. Nimeona wenzangu wawili wakigeukia upande usio wake kwa sababu hiyo.

## Msimu na safari yenyewe

Twende mwezi gani?

Mwisho wa Mei hadi katikati ya Agosti. Cagarra hufika kati ya Februari na Machi na kuondoka mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, kwa hiyo huyo hana shida. Alma-negra yupo kuanzia mwisho wa Aprili hadi Septemba. Freira huwapo tangu majira ya kuchipua hadi Oktoba, na ndugu yake wa Bugio huchelewa, huanza kuonekana Juni na kubaki hadi Desemba. Ukitaka wawili hao pamoja, Juni na Julai ndiyo miezi yenyewe.

Mwisho wa Agosti na Septemba huwa na wasafiri wanaopita tu, miongoni mwao wale waliozaliwa visiwa vya kusini kabisa mwa Atlantiki. Majira ya baridi sikushauri: bahari inachafuka na ndege wengi wameshaondoka.

Safari moja inakwendaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Safari nyingi za ndege huanzia Machico, mashariki mwa kisiwa, kwa boti ya mpira yenye injini ya nguvu na viti vya kupanda kama farasi. Mnaondoka alasiri, mnarudi giza limeingia. Wakati huo umechaguliwa kwa sababu: jioni ndege huanza kusogea karibu na visiwa wakisubiri usiku ili waingie kwenye mashimo yao.

Saa ya kwanza ni ya mwendo. Mnapigwa na rasharasha, hakuna mazungumzo. Njiani mnaweza kusimama kwa nyangumi. Caniçal, kijiji cha jirani, kilikuwa na wavuvi wa nyangumi hadi 1981, na leo watu wa sehemu hiyo hiyo wanawatafuta ili kuwaonyesha wageni. Mkifika maji makuu injini inazimwa, chambo kinawekwa majini, boti inaachwa iende na mkondo. Kisha mnangoja.

Kungoja huko ndiko safari yenyewe. Dakika ishirini za kwanza pengine haji mtu. Kisha roque-de-castro mmoja anatokea kutoka pasipojulikana, anapita, anarudi, na baada yake wanne. Kuelekea machweo mwanga unalala chini na maji yanageuka rangi ya shaba, na hapo ndipo alma-negra hupita karibu kabisa na uso wa maji, bila sauti. Ukiniuliza ni nusu saa ipi ya siku nzima nisiyokubali kuipoteza, ni hiyo.

Chambo ni nini, na ndege wanakijuaje?

Ni mabaki ya samaki yaliyosagwa na kugandishwa, pamoja na mafuta ya ini la samaki. Donge lake linafungwa kwenye wavu na kuning'inizwa majini, likiyeyuka polepole na kuacha utando wa mafuta. Linanuka vibaya, nakwambia mapema.

Ndege hawa wananusa kwa namna ambayo ndege wengi hawawezi. Vijimea vya baharini vikiliwa na vijidudu hutoa gesi yenye salfa. Kwa ndege wa ukoo huu harufu hiyo ni tangazo kwamba kuna chakula. Wanaifuata wakipanda upepo, wakikata kulia na kushoto hadi wafike. Kwa hiyo usikodolee macho donge. Tazama upande wa demani, kule upepo unakoelekea, ambako utando wa mafuta umetandaa. Ndege atatokea huko.

Si kuwadanganya, kuwapa chambo?

Swali la haki. Kiasi kinachotumika ni kidogo, boti hizi ni chache na zinatoka siku chache. Kinachonisumbua zaidi ni boti zenyewe. Niliwahi kupanda moja ambayo nahodha aliwakimbilia cagarra waliotua wakipumzika, ili abiria wapige picha wakiruka. Ndege aliyetua majini mwezi wa Agosti huenda anatoka kulisha kinda. Kila anapolazimishwa kuruka anatumia nguvu aliyoihangaikia. Ukiona hivyo sema, kwa adabu lakini waziwazi. Wewe ndiye uliyelipa.

Bahari ikiwa shwari ndiyo nzuri, sivyo?

Hapana. Hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla hajalipa.

Ndege hawa hawapigi mabawa kama kunguru. Wanaukopa upepo. Karibu na maji upepo ni mdogo, juu kidogo ni mkali. Ndege anapanda akiukabili, anapindua bawa, anateleza chini nao, anapanda tena, na hivyo husafiri mamia ya kilomita karibu bila kupiga bawa. Upepo ukikosekana hana cha kukopa. Anatua, anakaa mbali, na wewe unatazama kioo kitupu cha maji. Tena harufu ya chambo haisafiri.

Majira ya kiangazi Madeira hupigwa na upepo wa kaskazini mashariki, na milima hukinga upande wa kusini. Funchal inaweza kuwa tulivu kabisa huku mashariki, kwenye ncha ya São Lourenço, mawimbi yanavunjika. Ukiambiwa leo kuna upepo wa wastani na mawimbi ya mita moja na nusu, shukuru. Ukiambiwa safari imeahirishwa kwa upepo mkali, usibishane na nahodha hata kama umetoka mbali.

Safari moja inatosha?

Kwa cagarra na alma-negra, ndiyo. Kwa freira ni kubahatisha. Chukua tatu kama mfuko unaruhusu, na uzipange mwanzoni mwa kukaa kwako ili zikiahirishwa kuwe na nafasi.

## Mwili wako

Nalewa bahari. Niende?

Wengi hulewa na bado hufurahi. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda, si ukishaanza kuona kizunguzungu. Muulize mfamasia, hasa kama unatumia dawa nyingine. Kula chakula chepesi kikavu, tangawizi husaidia baadhi ya watu, na usikae na tumbo tupu. Kaa nyuma, karibu na tezi, ambako boti hairuki sana. Tazama upeo wa macho, usitazame simu wala skrini ya kamera.

Wakati mbaya ni boti ikisimama kwenye chambo: inayumba, na ile harufu ipo. Ukitaka kutapika tapika upande wa demani, na usione haya. Manahodha wameona mengi.

Sijui kuogelea.

Jaketi okozi utavaa tangu bandarini hadi kurudi, ajuaye na asiyejua. Mwambie nahodha kabla ya kuondoka. Wanaojua kuogelea nao hawatakiwi kuingia majini katika safari hizi.

Kuna choo?

Kwenye boti nyingi za mpira hakuna. Safari huweza kuchukua muda wa saa nane. Uliza unapoweka nafasi, panga unywaji wako wa maji, lakini usijinyime kabisa maana jua na chumvi hukausha mwili. Kwa watu wengi, hasa wanawake, hili ndilo huamua wachukue boti gani.

Nivae na kubeba nini?

Koti na suruali visivyopitisha maji, hata Julai. Chini yake nguo ya joto. Jua likizama kwenye boti inayokimbia baridi inaingia mifupani. Kofia yenye kamba, mafuta ya jua. Wanaovaa hijabu wafunge ile ya kubana isiyopeperuka. Darubini ya kukuza mara 8 inafaa kuliko ya mara 10, kwa sababu boti inatikisika na unahitaji uwanja mpana. Beba kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki cha kufutia chumvi kwenye vioo. Bila hicho, baada ya saa mbili darubini ya bei yoyote haina kazi.

Watoto, wajawazito, wenye maumivu ya mgongo?

Boti ya mpira inadunda kwa nguvu. Mjamzito au mwenye mgongo mbovu asipande, na kwa watoto wadogo ni ndefu mno. Wao wachukue feri. Tazama swali la pili kutoka mwisho katika sehemu inayofuata.

## Maswali magumu kidogo

Freira ni yupi, na kwa nini watu wanatoka dunia nzima kumtafuta?

*Pterodroma madeira*, mmoja wa ndege wa bahari walio adimu kuliko wote Ulaya. Wapo jozi kati ya 65 na 80 tu, na wote huzaa kwenye kingo za miamba karibu na Pico do Areeiro, mlima wa mita 1,818. Ndege wa bahari anayezaa juu mlimani mawinguni! Alidhaniwa ametoweka. Mwaka 1969 Paul Alexander Zino, mtafiti wa ndege wa Madeira, alimsikilizisha mchunga mifugo mmoja wa Curral das Freiras, kijiji cha milimani, sauti iliyorekodiwa ya ndugu yake wa Bugio, na mchunga mifugo huyo akaitambua papo hapo: hiyo ni freira. Freira ni mtawa wa kike. Wenyeji waliosikia vilio vile gizani walisema ni roho za watawa.

Panya na paka ndio adui zake wa siku zote. Agosti 2010 moto ulipita milimani ukaua makinda wengi wa mwaka huo. Ndege hawa hutaga yai moja kwa mwaka, na likipotea hawatagi jingine hadi mwaka unaofuata, kwa hiyo pigo kama lile hukaa miaka.

Nitamtofautishaje na yule wa Bugio?

Kwa macho ya kwanza, hutaweza, na mtu akikwambia ana uhakika kwa ndege aliyepita mbali, msikilize kwa heshima tu. Wote ni kijivu juu, tumbo jeupe, chini ya bawa cheusi, na alama ya M iliyofifia mgongoni. Wa Bugio, *Pterodroma deserta*, ana mdomo mnene wenye nguvu. Freira ana mdomo mwembamba na umbo jepesi zaidi. Freira wengine huwa na mstari wa kung'aa chini ya bawa. Uamuzi hufanywa nyumbani kwenye picha.

Kwa hiyo kamera iwe tayari: lenzi ya milimita 300 au 400, kasi ya 1/2000 ya sekunde, na upige mfululizo. Lengo ni picha moja ya ubavuni inayoonyesha unene wa mdomo.

Wa Bugio naye ana makuu yake. Kwa kufungiwa vifaa vya kufuatilia imegundulika kwamba huzunguka Atlantiki hadi kilomita 12,000 katika safari moja ya chakula, na utafiti uliotolewa 2024 ulionyesha wengine wakifuata nyuma ya vimbunga, ambako maji yaliyovurugwa huleta chakula juu.

Naweza kumsikia freira mlimani usiku?

Ndiyo, kwa matembezi yenye mwongozaji, na kwa kukaa kimya kwenye njia. Usipande peke yako wala usichezeshe sauti kwa simu. Kwa jozi zisizofika mia, kila usumbufu una uzito.

Naweza kutembelea Desertas na Selvagens?

Deserta Grande hufikiwa kwa ruhusa, na boti za siku moja hutoka Funchal. Huko pia wanaishi sili adimu wa Mediterania. Bugio haikanyagwi na watalii. Selvagens ni safari ya siku kadhaa na inahitaji kibali. Selvagem Grande ina cagarra takribani jozi 30,000, koloni kubwa kuliko zote duniani. Zamani makinda wao walichinjwa kila mwaka kwa nyama na manyoya. Katika miaka ya 1960 Zino huyo huyo alilipia haki ya kuwinda ili asiwinde mtu, na mwaka 1971 visiwa vikawa hifadhi.

Nimeokota ndege barabarani usiku. Nifanyeje?

Kama ni Oktoba au mapema Novemba, huenda ni kinda wa cagarra anayetoka kwenye shimo kwa mara ya kwanza. Taa za mji humchanganya akaanguka, na akiwa chini hawezi kuruka kirahisi. Mfunike kwa taulo, mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Jihadhari na mdomo, unakata. Usimpe chakula wala maji, usimrushe hewani. Waambie watu wa hoteli au polisi wakuunganishe na mamlaka ya hifadhi, watamwachia baharini. Na taa za baraza lako, zima.

Viza na ndege ya kwenda?

Madeira ni Ureno, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen. Uwanja wa ndege uko kando ya mlima na upepo mara nyingine huzuia kutua. Usipange safari ya boti siku ile ile ya kufika.

Sina fedha za boti ya ndege. Kuna njia nyingine?

Feri ya Funchal kwenda Porto Santo, zaidi kidogo ya saa mbili. Ni meli kubwa, ina choo na mkahawa, na cagarra huipita kwa wingi. Simama nje, upande wenye kivuli ili jua lisikupofushe. Alma-negra huonekana pia majira ya joto.

Ndege wa namna hii wako kwetu?

Wapo. Alma-negra ana ndugu mmoja wa karibu, *Bulweria fallax*, anayezaliana Sokotra. Walioko Oman humwona nje ya pwani ya Dhofar, na hufika hadi maji ya Kenya. Ni mkubwa kidogo, mdomo mnene, na kwa kawaida hana ule mkanda wa kahawia iliyopauka ambao alma-negra anao juu ya bawa. Ukiwa umemzoea mmoja Madeira, siku utakayotoka na wavuvi Watamu hadi maji makuu, ukaona ndege mweusi mwenye mkia mrefu akipita chini kabisa bila sauti, utajua pa kutazama: juu ya bawa, kisha mdomo.